Umeyaonja?

Doa lilianza dogo, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, juu ya kitanda changu, pale dari inapokutana na ukuta. Rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa iliyopoa. Nililitazama wiki nzima kila niliporudi zamu ya usiku, nikijidanganya kwamba halikui. Siku ya nane nikaligusa kwa kidole, na kidole kikazama.

Ninaishi ndani ya trela. Mama yangu, aliyeko Pangani, alipata taabu kulielewa jambo hili, maana kwao trela ni kile kinachoburutwa nyuma ya lori la mkonge. "Marekani yote hiyo hamna nyumba, mwanangu?" Zipo. Lakini mimi ni muuguzi wa mikataba, hospitali hii wiki 13, ile wiki 13, na nyumba inayonifuata nyuma ya gari hainidai kodi ya miezi sita wala haina mwenye nyumba wa kunigongea mlango. Ina kitanda, jiko la gesi, jokofu, choo, na bafu la kuoga umebana viwiko. Muuzaji hakuniambia kwamba ina pia mabomba ya maji safi, matangi ya maji machafu, umeme wa betri, umeme wa ukutani na mirija ya gesi, vyote vimesokomezwa katika sanduku moja ambalo kila likihama hutikisika kama limepita kwenye tetemeko la ardhi. Kwangu vimeharibika karibu vyote, na vingi niliviharibu mwenyewe.

Hita ya maji niliiunguza wiki ya kwanza. Niliwasha umeme kabla tangi lake halijajaa. Koili ikabaki hewani, ikaungua kabla sijamaliza kukunja nguo. Hadithi ya tangi la choo, ambalo niliacha valvu yake wazi muda wote nikidhani ndio usafi, sitaisimulia yote, huenda msomaji yuko mezani. Niseme tu kwamba maji hukimbia, na kinachobaki nyuma hujenga kichuguu.

Aliyenitoa katika ujinga huu ni jirani yangu katika kambi moja ya matrela kaskazini mwa Texas, dereva mstaafu wa malori, mjane, mwenye trela kuukuu kuliko mimi. Nilimwita Mzee. Akaniuliza maana yake, nikamweleza kwamba kwetu hilo ni neno la heshima, halimwambii mtu kuwa amechakaa. Alilipenda. Baada ya wiki mbili kambi nzima ilimwita hivyo, kwa lafudhi ya kuchekesha.

Mara ya kwanza kuja kwangu ilikuwa kwa sababu ya jokofu. Lilikuwa limeacha kupoza, maziwa yameganda, na mimi nilishaandaa moyo wa kununua jipya. Mzee hakuligusa. Alitoa pimamaji mfukoni, akailaza ndani ya jokofu, kisha akanyamaza. Kile kipovu kikakimbilia upande mmoja kama kinaitwa. Akatoka nje, akaweka vibao viwili chini ya magurudumu ya kushoto, akaniambia nisogeze gari nyuma kidogo. Asubuhi yake maji yalikuwa barafu.

Nilisimama mbele ya jokofu lile nikajiona mpumbavu, kwa kuwa nilikuwa ninalijua. Miaka mingi nyuma, nikiwa mafunzoni katika zahanati moja ya kijijini wilaya ya Handeni, chanjo zetu zilikaa katika jokofu la mafuta ya taa. Sista aliyetufundisha alikuwa mkali juu ya mambo mawili, mwali na usawa. Mwali ulipaswa kuwa wa buluu. Ukiona wa njano, utambi umechafuka na masizi yanaziba bomba. Kuhusu usawa, kila Jumatatu aliweka juu ya jokofu sahani pana yenye maji hadi ukingoni, akainama hadi pua ikakaribia kulowa, na maji yakielemea upande mmoja alichomeka kijiwe chini ya mguu. Alikuwa na vijiwe vyake vitano katika kopo la maziwa ya unga, na ole wako ukivichezea bao. Sisi wanafunzi tulidhani ni wazimu wa uzee. Hatukujua kwamba ndani ya jokofu la namna ile hakuna mota wala pampu. Kuna amonia, maji na hidrojeni, vinavyochemshwa na moto mdogo, kisha hupanda na kushuka vyenyewe kwa uzito wake. Likiinama, maji ya ndani hutuama mahali yasipotakiwa, na safari yote husimama. Vijana wawili wa Kiswidi, von Platen na Munters, walilibuni mwaka 1922 wangali wanafunzi. Moto unaozaa barafu! Leo zahanati nyingi zina majokofu ya sola, na ni afadhali, mafuta ya taa yalikuwa adha. Ila sijui nani siku hizi huwafundisha wanafunzi kuinamia sahani ya maji.

Watu wa matrela wana historia yao, na kipande chake kimoja kinatugusa sisi. Mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam, muundaji wa yale matrela ya bati ling'aalo yaitwayo Airstream, aliongoza msafara wa matrela 41 kutoka Cape Town, wakatambaa na bara hadi Cairo mwaka uliofuata. Walipita Kenya, wakapita Ethiopia. Nikiwaza njia zetu za miaka ile, tope la masika na mavumbi ya kiangazi, najua kwamba hakuna trela lililofika Misri bila mtu kulala chini yake mara nyingi na spana mkononi. Byam alifariki mwaka 1962. Picha zake zinatundikwa bado, spana hazitundikwi.

Turudi kwenye doa. Mzee alikuwa amesafiri kwa bintiye, nami kwa kukata tamaa nikampigia simu mjomba.

Mjomba wangu ni fundi wa kalafati, mziba mianya ya vyombo vya bahari. Nilipokuwa mdogo kazi yangu ilikuwa kumsokotea pamba. Tulikaa kivulini mwa chombo kilichopandishwa ufukweni, pamba magotini, mikono ikinuka sifa, yale mafuta ya papa ambayo ukiyashika Jumamosi mwalimu atayanusa Jumatatu. Pamba ikishalowa, mjomba huisukumiza katika mwanya wa mbao mbili kwa chembeu, akigonga kwa nyundo. Hatazami sana, anasikiliza. Mwanzo mlio ni mzito, kama mtu anayepiga gunia la mchele. Pamba ikikaa mlio hupanda, hupanda, hadi ubavu wote wa chombo unaitikia, na hapo chembeu husogea mbele upana wa vidole viwili. Mara moja nilimwona akisimama katikati ya kazi, akarudi nyuma hatua nne, akachokoa pamba yote aliyoishindilia tangu adhuhuri. Mwenye chombo akamuuliza kulikoni. "Imeniongopea," alisema, akaanza upya, na ule upya hakuulipisha. Baadaye ndipo huja deheni, shahamu na chokaa, ikapakwa kwa viganja sehemu yote itakayozama.

Hata baada ya yote hayo chombo kikishushwa huvuja kwanza. Mbao zilizokaushwa na jua hunywa maji, huvimba, hukumbatiana, na ngama, tumbo la chombo yanamokusanyika maji, ikakauka yenyewe. Trela halina huruma hiyo. Mbao zake ni nyembamba, zimegandishwa kwa gundi, na zikilowa hazikumbatiani, zinageuka uji.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umeshatoka zamu?"

Nikamweleza doa, nikamweleza kidole kilivyozama, nikamweleza kwamba nimekusudia kufumua ukuta nitafute bomba lililopasuka. Akakaa kimya hata nikadhani mtandao umekatika.

"Umeyaonja?"

"Nini, mjomba?"

"Hayo maji."

Akanieleza kama anavyomweleza mtoto wa pamba. Ngama ikijaa, baharia mgeni hukimbilia kufua maji. Fundi huchovya kidole kwanza, akakitia ulimini. Yakiwa ya chumvi, chombo kimefunguka. Yakiwa matamu, basi pipa la kunywea limetoboka, au mvua imepenya sitaha, na unaweza kupoteza siku mbili ukikalafati ubavu usio na kosa lolote.

Mimi ni muuguzi. Nimefundishwa kutoonja chochote kisichojulikana kilikotoka, na sikushauri, msomaji, uonje maji yanayotoka upande wa choo. Lakini lile doa lilikuwa darini, mbali na choo. Nikabonyeza ubao kwa kijiko mpaka likatoka tone. Maji ya bomba ya kambi ile yananuka klorini hata kwenye chai. Lile tone lilikuwa na uchungu wa gundi na ladha ya vumbi, klorini haikuwamo hata kidogo. Maji ya mvua. Nikaziacha kuta zangu salama.

Mzee aliporudi nilimsimulia. Nilitegemea acheke. Badala yake alitoa daftari lake la jalada jeusi, akavaa miwani, akaandika, kisha akaniomba nirudie ili aongeze yale ya pipa. Daftari lilikuwa limejaa miaka: tarehe, mahali, kilichoharibika, alichodhani mwanzo, kilichokuwa kweli. Safu ya nne na ya tano hazikulingana mara nyingi, na hakuna alipokuwa amefuta.

Kisha akaifanya kazi ambayo hadi leo naiona kwa macho. Tuliziba matundu ya hewa kwa nailoni na utepe, tukafunga madirisha isipokuwa moja, na katika hilo moja akachomeka mashine ya kupulizia majani makavu. Trela likajaa upepo, likawa kama pafu. Akapanda ngazi na chupa ya maji ya sabuni, akawa ananyunyiza juu ya kila kiungo, polepole, akisubiri. Juu ya kitanda changu, hakuna kitu. Kwenye tundu la feni, hakuna kitu. Mbele kabisa, karibu mita mbili kutoka kwenye doa, chini ya taa ndogo ya pembeni ambayo sikuwahi kuitazama, povu likachipua. Kwanza kiputo kimoja, halafu kichala, kama mayai ya chura. Mzee akaniita nipande nione. Hakusema kitu, alionyesha tu kwa kidole.

Maji yalikuwa yanaingia pale, yanatembea juu ya boriti kimyakimya, yanashuka kwenye kichwa changu. Tangu shule ya msingi tumeimbishwa habari ya ufa na ukuta, nani asiyeijua? Methali haikutuambia kwamba ufa wenyewe huenda uko chumba kingine.

Juu ya taa ile aliyekuwa mwenye trela kabla yangu alikuwa amepaka gundi ya kuzibia, akapaka tena, akapaka tena, tabaka tatu za rangi tatu, kama mtu anayefunga bandeji juu ya bandeji pasipo kusafisha kidonda. Mzee alitumia saa mbili kukwangua, dakika kumi kuziba. Alifungua skrubu, akaitoa taa, akasafisha hadi pakawa bati tupu, akalaza utepe wa mpira unaonata, akairudisha taa kwa skrubu mpya.

Matrela mengi ya nchi hii huundwa ndani na kandokando ya wilaya moja tu, Elkhart, jimbo la Indiana, na huundwa haraka. Kitabu cha maelekezo ambacho watu wengi huletewa pamoja na trela kinataka paa likaguliwe mara kadhaa kwa mwaka, kiungo kwa kiungo. Nimeuliza majirani wengi. Sijampata aliyesoma ukurasa huo. Trela likivuja hupulizwa rangi nyeupe dari ikapendeza, likauzwa. Wala nisiwaseme Wamarekani peke yao. Mjomba ananiambia vijana wa Pangani wanataka boti za faiba, na hakuna wa kusokota pamba. Chembeu yake ameifunga katika kitambaa, iko juu ya kabati. Si kwamba faiba haivuji, anasema. Inavuja, ila hakuna mtu atakayeisikia.

Mzee alifariki Februari mwaka jana, usingizini, ndani ya trela lake. Nilikuwa kwenye mkataba jimbo jingine. Niliporudi, kiwanja chake kilikuwa changarawe tupu na vibao viwili vya kusawazishia vimeachwa. Mtu wa kambi aliniambia trela lilivutwa kwenda kupondwa, halikuwa na thamani, na vitu vya ndani vilienda nalo. Nikauliza habari za daftari jeusi. Hakujua ninazungumzia nini.

Sasa nina langu. Nimelichora safu tano kama lake, nami sifuti. Naliandika Kiswahili, kwa hiyo atakayenunua trela hili atalikuta kwenye droo, atalifungua, hataelewa neno, atalitupa. Ukurasa wa mwisho niliujaza juzi baada ya zamu, nimepiga magoti, tochi mdomoni. Nimeandika: Maji chini ya sinki. Nilidhani bomba. Nimeyaonja. Ya mvua.