Zimwi Linaloshambulia Karatasi: Majitu Yanayokwepwa Katika Dungeons & Dragons

Fasihi simulizi tumezoea kuitafuta kijijini, kwa bibi, kando ya moto. Ni sawa. Lakini ipo simulizi nyingine inayotungwa mezani kwa penseli na dadu, na wahakiki wetu wengi wameipita kama mchezo wa watoto. Nazungumzia Dungeons & Dragons, mchezo uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974. Katika makala haya nitajadili jambo moja tu la mchezo huo, nalo ni majitu ambayo wasimamizi wake huyakwepa. Dai langu ni kwamba majitu haya hayakwepwi kwa ukali wao. Yanakwepwa kwa kuwa yanagusa mapatano kati ya fanani na hadhira yake. Tena, yapo yanayostahili kukwepwa na yapo yanayoonewa.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo, nieleze kidogo. Mtu mmoja ndiye msimamizi. Yeye hujenga ulimwengu, husimulia na huwatia uhai maadui wote. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, na sifa za mhusika huyo zimeandikwa kwenye karatasi: ngazi aliyofikia, alama za uhai, silaha, mali. Msimamizi akisema "mmefika kwenye mlango wa mbao, umefungwa," wachezaji ndio wanaosema watafanya nini, na palipo na mashaka dadu huamua. Kwa hiyo hadhira hapa haikukaa kupiga makofi tu. Ni watunzi wenza, na ile karatasi ndiyo daftari la yote waliyoyapitia.

Sasa tujiulize, kwani joka halikwepwi? Joka linaua kundi zima kwa pumzi moja, na bado jina lake limo katika jina la mchezo. Sababu ni kwamba kifo, katika hadithi, ni tukio. Mtu akifa kwa moto wa joka anazikwa, analiliwa, analipiziwa kisasi. Simulizi inaendelea na pengine inanoga zaidi. Hofu kubwa ya mchezaji iko kwingine.

Tuanze na dudu la kutu. Lilitokea mwaka 1975 katika kitabu cha nyongeza kiitwacho Greyhawk, na umbo lake, kwa maelezo ya Gygax mwenyewe, lilitokana na kidoli cha plastiki cha bei ya chini kilichotengenezwa Hong Kong. Lina vipapasio viwili, na chuma kinachoguswa navyo hugeuka kutu, kisha dudu huila kutu ile. Ukifungua Monster Manual ya mwaka 1977, mahali panapoandikwa madhara ya mapigo yake utakuta hakuna kitu. Halimtoi mtu hata tone la damu! Lakini waambie wachezaji wenye deraya na panga kwamba limetokea mbele yao, halafu uone watu wazima wanavyotimua mbio.

Wanachokimbia ni upotevu wa historia. Upanga wa mhusika una mahali ulipopatikana, una aliyekufa ili upatikane. Ukigeuka kutu, sura nzima ya hadithi imeliwa. Ndiyo maana wasimamizi wengi humwonea haya mchezaji na kuliacha dudu kitabuni.

Mimi naona dudu hili linaonewa. Kitabu chenyewe kinaeleza kwamba ukilitupia vitu vya chuma, kama misumari au nyundo, huenda likasimama kidogo kuvila. Rungu la mti haliogopi kutu. Kwa hiyo mara dudu linapotokea, ngazi za jamii ndogo ile mezani zinapinduka: tajiri wa deraya anakuwa mnyonge kuliko wote, na yule maskini mwenye fimbo anakuwa mkombozi. Mhakiki aliyelelewa katika uhakiki wa kitabaka atacheka mwenyewe. Katika kundi letu la Jumamosi dudu hili lilitokea mara moja tu. Mpiganaji wetu, aliyekuwa akitutambia deraya yake tangu mwanzo wa muhula, alivua kila kitu, akabaki na shuka kiunoni na mguu wa meza mkononi. Mapigano mengine ya muhula ule nimeshayasahau. Hilo nalikumbuka dadu kwa dadu.

Wa pili ana kesi ngumu zaidi. Huyu ni waiti, maiti anayetembea na kulinda makaburi, ndugu wa mizuka ya makaburini katika riwaya za Tolkien. Pigo lake, hata hivyo, halikutoka kwa Tolkien. Ni la mchezo wenyewe: kila akikupata, unashuka ngazi moja. Pima uzito wa jambo hilo. Kwa kanuni za mwaka 1974 mpiganaji alihitaji alama 2,000 za uzoefu kufika ngazi ya pili, 4,000 kufika ya tatu, 8,000 ya nne na 16,000 ya tano. Kazi ya miezi inafutwa kwa kofi moja. Mwenzetu anayetusimamia amekataa katakata kumtumia. Anasema: "Mtu akifa analia siku moja. Ukimshusha ngazi atakulilia kila Jumamosi."

Maneno hayo yana ukweli, lakini hebu tuyachimbe. Kushuka ngazi, kikisimuliwa, ni kitu gani? Ni askari anayekumbuka vita vyote alivyopigana lakini mkono wake umesahau upanga. Ni uzee uliokuja kabla ya wakati, au ugonjwa unaomrudisha fundi kuwa mwanafunzi. Hiyo ni dhamira nzito, na tamthilia nzuri zimejengwa juu ya dhamira za namna hiyo. Tatizo ni kwamba kanuni hazimpi msimamizi lugha ya kuisema. Hamwambii mchezaji "mikono yako imekuwa mizito, jina la mwalimu wako limekutoka." Anamwambia "futa, andika tatu." Zimwi limeshambulia karatasi bila kupitia kwenye hadithi, na mchezaji anaachwa na kifutio mkononi. Kosa hapo ni la usimulizi. Mbona njia ilikuwepo? Kanuni za mwaka 1978 zilikuwa na uganga wa kurudisha ngazi zilizopotea, ingawa ni makuhani wa daraja la juu kabisa walioumudu. Kumtafuta kuhani huyo kungetosha kuwa safari nzima yenye milima na madeni yake.

Waliofuata walichagua njia nyingine: kumng'oa zimwi meno. Toleo la mwaka 2000 lilimpa mhanga nafasi ya kurusha dadu baada ya siku nzima ili hasara isiwe ya kudumu. Katika toleo la mwaka 2014 waiti hupunguza kiwango cha juu cha alama za uhai, na kiwango hicho hurudi mtu akipumzika usiku mmoja. Lala, amka, umepona! Dudu la kutu nalo halikusalimika. Mwaka 2009 liliandikiwa kwamba thamani ya kifaa cha uchawi lilichokila hupatikana tumboni mwake likishauawa, kama vile lina bima. Na mwaka 2014 vyuma vya uchawi vilitolewa kabisa katika chakula chake. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Basi haya sasa ndiyo mazimwi yanayotujua, yametuzoea mno. Yanauma na kurudisha nyama.

Sitaki msomaji adhani natetea kila jitu la zamani. Hapana. Yapo yaliyostahili kuachwa. Katika Monster Manual ile ile ya mwaka 1977 kuna mdudu msaka-masikio. Anaishi kwenye mbao, na mtu akitega sikio mlangoni humwingia sikioni na kutaga mayai. Mabuu yakitoka humla mwenyewe, na mara nyingi mtu hufa. Sasa wewe fikiria. Mchezo umemfundisha mchezaji kusikiliza kabla ya kufungua, kisha unamwua kwa kusikiliza. Nilibogi, aliyetokea katika Fiend Folio ya mwaka 1981, ni wa ukoo huo: ukimpiga anapona, na dawa ya kumwua ni kumtibu. Zaidi ya hayo, akiwa karibu, wahusika wanaweza kujikuta wanatenda kinyume na matakwa yao. Eti hicho ni kichekesho! Kinamchekesha nani, kama siyo msimamizi peke yake?

Hapa ndipo naona kipimo chetu. Dudu la kutu linakunyang'anya mali lakini linakuachia la kufanya. Waiti anakunyang'anya miaka, lakini fanani hodari anaweza kukuachia la kutafuta. Msaka-masikio na nilibogi wanakunyang'anya kauli yenyewe. Katika ngano zetu zimwi humtia mtoto ndani ya ngoma na kuzunguka naye mitaani, lakini mtoto huimba, na wazazi humjua kwa sauti. Zimwi limechukua kila kitu isipokuwa sauti, na hadithi nzima inaponea hapo. Fanani anayeziba na ile sauti hana hadithi tena, ana ngoma tupu.

Wapo watakaosema kwamba nazidisha, kwamba mchezo ni burudani na mtu aliyechoshwa na mitihani hana haja ya kuja kunyang'anywa tena mezani. Nakubaliana nao nusu. Mchezaji ana haki ya kuambiwa mapema ni ulimwengu wa namna gani anaingia, na msimamizi anayemtoa waiti mfukoni ili kumkomoa mtu aliyemkasirisha hafai kusimamia. Lakini ngazi isiyoweza kupotea inabaki kuwa hesabu tu: unaongeza, unaongeza, unalala. Na mpiganaji wetu wa mguu wa meza asingekuwepo.

Kwa kuhitimisha, nawaomba wasimamizi wenzetu, kabla ya kulikwepa jitu, waulize swali moja: likishachukua, mchezaji atabaki na la kusema? Kama lipo, walilete, tena wasilifunge meno. Kama halipo, walirudishe kitabuni. Mwenye hoja ya kunipinga aandike. Uwanja ni wetu sote.