Mkono Unaojua Kuachia

Watu wengi wakisikia fiziotherapia hufikiri ni kukandwa: mtoto amelazwa mkekani, mtaalamu anavuta mguu, basi. Mimi ninachokistahi zaidi kinaanza mtoto anaposimamishwa.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo mara nyingi hutembea kwa ncha za vidole. Ubongo ulidhurika mapema, pengine kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na sasa kigimbi kimekaza hakitaki kulegea. Ukikivuta ghafla kinazidi kukaza. Ndiyo maana fundi hukifumbata kisigino kiganjani, akakunja kifundo taratibu, akasubiri.

Kisha humsimamisha, akapiga magoti nyuma yake, mikono miwili nyongani. Humsogeza kidogo tu, mpaka uzito uegemee mguu wa kushoto na wa kulia ubaki mwepesi. Halafu anangoja. Kungoja huko kunamtesa mama aliye pembeni. Anatamani ambebe mwanawe yaishe. Mara mguu unakuja, umepinda, lakini hatua ni ya mtoto mwenyewe. Siku zikienda, mikono ile inageuka vidole viwili, halafu inabaki kushika upindo wa shati.

Utafiti unaunga mkono njia hii. Mapitio ya Iona Novak na wenzake huko Australia, ya 2013 na ya 2020, yaliona kwamba kutembea hufunzwa kwa kutembea, si kwa kunyooshwa umelala. Si kila mtoto atatembea, na fundi mzuri hamfichi mzazi jambo hilo.

Sasa upeleke ufundi huo Suji, kijiji cha milima ya Upare nchini Tanzania, juu ya Makanya. Moshi, iliko hospitali ya KCMC na chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu 1981, ni mbali kwa mama mwenye mtoto mgongoni. Zoezi linalofaa ni lile linalofanyika nyumbani: kuinuka kwenye kigoda bila kushika kitu, au kutembea uani kati ya fito mbili zilizofungwa usawa wa kiuno. Kigari cha kujifunzia kutembea, chenye magurudumu madogo, kinachoteleza vizuri kwenye sakafu ya hospitali hakifui dafu kwenye mawe.

Na kwenye mteremko, kushuka ni kugumu kuliko kupanda, kwa sababu goti hukunjika huku limebeba mwili mzima. Hapo msaidizi hutangulia upande wa chini, akamgeukia mtoto, mikono karibu na nyonga. Hamshiki viganja akavivuta juu. Mtoto akining'inizwa hivyo, miguu haijifunzi kitu.