Bakuli la Kichina lilivyojengewa kaburini Tongoni

Kwenye magofu ya Tongoni, kusini mwa Tanga kwenye barabara ya Pangani, yamebaki makaburi yapatayo 40, baadhi yakiwa na nguzo za mawe. Wageni wengi hutazama nguzo. Mimi huvutwa zaidi na vishimo vya duara vilivyomo kwenye lipu. Humo mlikaa mabakuli ya Kichina. Yameng'olewa, lakini kishimo kitupu kinaeleza zaidi kazi ya fundi kuliko bakuli lililowekwa kwenye kabati la kioo.

Tuanzie kwenye rangi. Mabakuli mengi ya kijani yaliyoletwa pwani yetu, yaitwayo seladoni, yalitoka kwenye matanuri ya Longquan, mkoa wa Zhejiang. Wafinyanzi wake waliisaka sura ya jedi, jiwe la ibada la Wachina wa kale. Katika mkoa huohuo, kati ya miaka ya 3300 na 2300 KK, watu wa Liangzhu walichonga kongi, yaani jiwe la jedi lenye pembe nne kwa nje na tundu la duara katikati. Kongi moja ya kaburi la Fanshan, iliyopo makumbusho ya Hangzhou, ina uzito wa kilo 6.5. Chuma hawakuwa nacho. Waliikata jedi kwa kuisugua na mchanga mgumu uliolowa, wakaitoboa kutoka juu na kutoka chini. Ukichungulia ndani ya kongi nyingi utaona ngazi ndogo katikati, pale matundu mawili yalipokutana bila kulingana sawasawa.

Mfinyanzi wa Longquan aliifikia sura hiyo ya jedi kwa moto. Alipaka bakuli rojo lenye chembe chache za chuma, akalichoma kwa joto la zaidi ya nyuzi 1200 huku tanuri likinyimwa hewa. Hewa ikizidi, rangi huelekea njano au kahawia. Ikibanwa, hutoka kijani. Vipovu vidogo ndani ya utando mnene huutawanya mwanga, na ndipo unapopatikana ule ulaini wa jedi. Sehemu ya kitako iliyoachwa bila kupakwa hugeuka nyekundu ya kutu.

Sehemu hiyo kavu ndiyo iliyomfaa mwashi wa Tongoni. Alijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe yaleyale, ikazimwa kwa maji na kuchanganywa na mchanga. Mgongo wa bakuli uliingizwa kwenye chokaa mbichi, mdomo ukatazama nje, kisha lipu ikasogezwa mpaka ukingoni. Chokaa haing'ang'anii utando unaoteleza kama kioo. Hushika kwenye udongo usiopakwa na kuzunguka kisigino cha bakuli. Ikikauka huendelea kunyonya hewa ya kaboni mpaka irudi kuwa jiwe. Ndiyo maana kwenye makaburi ya pwani aliyeng'oa bakuli mara nyingine aliondoka na vigae tu, kitako kikabaki ukutani.

Kwa hiyo siliiti pambo lililobandikwa. Mwashi alipaswa kujua ukubwa wa bakuli kabla hajamaliza nguzo, na mwenye kaburi alipaswa kuwa nalo mkononi mapema. Chombo kilichovuka bahari kilipangiwa mahali pake wakati ujenzi ukiendelea.

Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam inatunza kauri za Kichina kutoka pwani, na ni vyema zinatunzwa. Bakuli likisimama peke yake huonyesha ustadi wa Longquan. Ustadi wa Tongoni haumo. Kipenyo cha kila kishimo na alama ya kisigino ndani yake vinapimika kwa rula ya kawaida. Ningependa vipimo hivyo vichukuliwe kaburi kwa kaburi, kabla mvua na chumvi havijaimaliza lipu, kisha vilinganishwe na visigino vya mabakuli yaliyohifadhiwa.