Amesamehewa na Nani? Lugha ya Sheria ya Msamaha ya 2000 Isomwapo Kasese na Bwera

Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF walivuka mpaka kutoka nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, wakashambulia Mpondwe na Bwera, wilayani Kasese. Vita vilivyofuata viliisumbua milima ya Rwenzori kwa miaka kadhaa. Mwaka 2000 Uganda ilipata Sheria ya Msamaha, ambayo waziri wake mhusika ni Waziri wa Mambo ya Ndani, na Tume ya Msamaha ikafungua ofisi Kasese pia. Wanasheria wameijadili sana sheria hiyo. Makala haya yanaisoma kama matini, kwa swali ambalo Kiswahili hulidai na Kiingereza huliacha lipite: msamaha huo unatoka kwa nani?

Tuanze na dibaji. Humo wananchi wa Uganda wanatajwa kuwa ndio wenye shauku ya kukomesha vita na kupatana na waliowasababishia mateso. Kitenzi *kupatana* kinahitaji pande mbili. Lakini tukifika kifungu cha 3, kilicho moyo wa sheria, wananchi wametoweka. Msamaha "unatangazwa" kwa kila Mganda aliyepigana na serikali tangu 26 Januari 1986, na mtangazaji hatajwi. Anayehesabiwa kukosewa ni serikali. Mkulima wa Bwera aliyechomewa nyumba yumo ndani ya maneno ya jumla kuhusu makosa mengine yaliyotendwa kwa ajili ya vita.

Kiingereza huvumilia ukimya huo, kwa sababu neno lake la kisheria halihitaji kinywa cha aliyekosewa. *Msamaha* wetu si hivyo. Mtu huomba msamaha, mwenzake husamehe, na mambo yakienda vizuri husameheana. Ukisema "fulani amesamehewa", msikilizaji hungoja kiunganishi *na*: na nani? Atakayepinga kwamba Tanzania tuna msamaha wa Rais kwa wafungwa, na hakuna anayeuliza swali hilo, ana hoja. Hata hivyo mfungwa yule amekwisha kushtakiwa, ushahidi umesikilizwa, na Rais anajulikana kwa jina. Kasese mambo hayo yote yalirukwa. Cheti kilitangulia hadithi.

Neno la pili ni lile linalomtaja mwombaji. Sheria humwita kwa Kiingereza *reporter*, yaani mtu anayekwenda kuripoti kwenye kituo cha jeshi au polisi kilicho karibu, kwa chifu, kwa hakimu au kwa kiongozi wa dini, akaukana uasi na kusalimisha silaha. Ukilitohoa kuwa *ripota*, umepata mwandishi wa habari wa redio. Ukisema *aliyeripoti*, umeingia kambini. Hapa historia ya Kiswahili magharibi mwa Uganda haiwezi kupuuzwa. Bwera ina Kiswahili cha aina mbili: kile cha askari, cha amri na kizuizi cha barabarani, na kile cha soko la Mpondwe, kinachovuka mpaka kutoka Kasindi pamoja na bidhaa, ambamo watu hupunguziana bei na kuombana radhi. Neno *kuripoti* ni la Kiswahili cha kwanza. *Msamaha* ungetazamiwa kutoka cha pili. Sheria imeyaoanisha bila kuuliza kama yanaivana.

Ni lazima tuwe waadilifu. Sheria imeipa Tume pia kazi ya kukuza njia za upatanisho katika maeneo yaliyoathirika, na zaidi ya watu 26,000 wamepata msamaha nchini kote. Sheria ambayo ingengoja kila mjane aridhie kwanza ingewaacha wengi msituni, na baadhi yao wangefia huko. Hatupingi hekima ya kuwarudisha. Tunapinga kuiita kwa jina la kitu kingine.

Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Tangu marekebisho ya Katiba ya 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, hivyo tafsiri za sheria zitakuja. Tunapendekeza kwamba katika kifungu cha 3 mfasiri aandike *ondoleo la mashtaka*, na neno *msamaha* liachiwe wale wenye haki ya kulitoa au kulinyima. Maneno *ondoleo la mashtaka* ni makavu. Ukavu huo ndio sifa yake, kwa kuwa hayamwahidi yeyote Bwera kwamba jirani yake amekwisha kupatanishwa naye.

Linabaki tatizo ambalo pendekezo letu halilitatui. Juni 1998 waasi hao walichoma mabweni ya Chuo cha Ufundi cha Kichwamba, wilayani Kabarole, wakaua makumi ya wanafunzi na kuwachukua wengine mateka. Juni 2023 waliivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, na mara hii pia wengine walitekwa. Kifungu cha 3 hakimtofautishi aliyejiunga kwa hiari na aliyefungwa kamba akaburutwa. Kijana wa Kichwamba aliyetoroka na kurudi alitakiwa, kwa mujibu wa maandishi, aukane uasi ambao hakuuchagua. Kwake *msamaha* ni tusi, na *ondoleo la mashtaka* ni kosa la ukweli, maana hakuna shtaka la kuondolewa. Mfasiri atakayefika hapo atahitaji kifungu ambacho Bunge halijakiandika.