Nani Atatoa Mji? Kitendawili, Fahamu na Akili Mnemba katika Bonde la Lukuledi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza suala la fahamu ya binadamu katika zama za akili mnemba kwa kurejelea utegaji wa vitendawili na historia ya ukusanyaji wa fasihi simulizi katika eneo la Masasi na Newala. Yanahoji kwamba kitendawili hakipimi ujuzi wa jibu pekee, bali pia uwezo wa mtu kuwajibika mbele ya wenzake kwa alichokisema na alichoshindwa kukisema. Kwa hiyo, mkusanyo unaohifadhi kauli na jibu na kuuacha "mji" unapoteza sehemu ya utanzu inayohusu fahamu moja kwa moja.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1950 Alan Turing, mwanahisabati wa Uingereza, alipendekeza kwamba badala ya kuuliza iwapo mashine inafikiri, iulizwe iwapo majibu yake yanaweza kutofautishwa na ya binadamu. Tangu ChatGPT ilipotolewa kwa umma Novemba 2022, pendekezo hilo limeingia hadi katika madarasa ya fasihi. Mwanafunzi anaweza kuipa mashine shairi na kupokea uhakiki wenye istilahi sahihi na mtiririko mzuri. Suala linalowakabili wahakiki ni iwapo jibu linaloridhisha ni ushahidi tosha wa fahamu.

Fasihi simulizi ina jaribio lake la swali na jibu, la kale kuliko la Turing, nalo ni kitendawili. Eneo la Masasi na Newala linafaa kwa mjadala huu kwa sababu mbili. Kwanza, ni eneo la lugha nyingi: Kimakonde, Kimakua, Kiyao na Kimwera hukutana humo na Kiswahili. Pili, sauti za watu wake zilikusanywa kwa mashine zaidi ya karne moja iliyopita.

2.0 Ufahamu, Fahamu na Kujitambua

Kabla ya kuhukumu mashine, inafaa kuzingatia maneno yenyewe. Shuleni, "ufahamu" ni zoezi: mwanafunzi husoma kifungu kisha hujibu maswali. Hospitalini, mgonjwa "hupoteza fahamu" na baadaye "hurejewa na fahamu". Maneno haya yana mzizi mmoja lakini hayapimi kitu kimoja. Mgonjwa aliyerejewa na fahamu anaweza kushindwa zoezi la ufahamu, na mashine inaweza kulifaulu bila yeyote kusema kwamba imezinduka. Mfano maarufu wa John Searle wa mwaka 1980, wa mtu aliyefungiwa chumbani akipanga herufi za Kichina kwa kufuata kanuni bila kuzielewa, unalenga pengo hilohilo.

Neno la tatu, "kujitambua", linaufikisha mjadala mbali zaidi. Katika matumizi ya kawaida, kijana anayejitambua si yule tu anayejua kwamba yupo. Ni yule anayejua nafasi yake miongoni mwa watu na anachodaiwa nao. Anayeambiwa kuwa hajitambui halaumiwi kwa kukosa hisi, bali kwa kukosa wajibu. Kiswahili, kwa hiyo, hakiikamilishi fahamu ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Mwelekeo huu unakaribiana na fikra za Euphrase Kezilahabi, ambaye katika tasnifu yake ya mwaka 1985 alipinga mtazamo unaomtenga anayejua na kinachojulikana.

3.0 Sauti Bila Mwenyewe: Fonografu ya Mwaka 1906

Mto Lukuledi huanzia upande wa Masasi na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi huko Lindi, ukipita kaskazini mwa uwanda wa Wamakonde. Misheni ya Wabenedikto ya Lukuledi, iliyoanzishwa mwaka 1895, iliteketezwa mwaka 1905 katika Vita vya Maji Maji. Mwaka uliofuata, Karl Weule kutoka jumba la makumbusho la Leipzig alifika Masasi na Newala akiwa na fonografu, akanasa nyimbo katika mitungi ya nta. Kitabu chake kuhusu safari hiyo kilitoka mwaka 1908, na rekodi zake ziliingia katika Hifadhi ya Fonogramu ya Berlin, ambayo UNESCO iliitambua mwaka 1999 kuwa sehemu ya kumbukumbu ya dunia.

Thamani ya rekodi hizo haina shaka. Hata hivyo, zinaonyesha jambo la msingi. Mtungi wa nta ulichukua dakika chache tu, nao ulichukua sauti bila kuchukua mazingira ya kuijibu. Wimbo unaoimbwa ngomani huitikiwa, huzomewa, hubadilishwa papo hapo. Katika nta, mwimbaji hawezi kuulizwa alimlenga nani. Zaidi ya hayo, waliombwa kuimba walikuwa watu wa nchi iliyotoka vitani, na aliyewaomba alitoka kwa watawala walioshinda vita hivyo. Kipi waliimba na kipi walikificha, mashine haikuweza kukinasa.

Kunasa kwa maandishi nako kulikuwa na mipaka yake. Lyndon Harries, mmisionari wa UMCA katika dayosisi ya Masasi kabla ya kuwa profesa, alichapisha vitendawili vya Wamakua na Wamwera katika miaka ya 1940. Kazi za namna hiyo ziliokoa mengi. Hata hivyo, katika mikusanyo mingi iliyochapishwa, hadi vitabu vya shule vya leo, kitendawili kimekuwa safu mbili: kauli upande huu, jibu upande ule. Huo ndio muundo ambao mashine ya lugha huupokea kwa urahisi kabisa.

4.0 Mji Kama Kipimo

Utegaji hai hauna safu mbili tu. Mtegaji husema "Kitendawili!" na hadhira huitikia "Tega!" Bila mwitiko huo hakuna kinachoendelea, kwani hadhira imekubali kujaribiwa. Kauli hutolewa, kwa mfano "Nyumba yangu haina mlango". Wanaojaribu hukosea, huchekwa, hujaribu tena. Wakishindwa, mtegaji hudai mji. Hupewa Lindi, au Mtwara, au Dar es Salaam, naye anaweza kuukataa hadi apewe anaoutaka. Ndipo anapofichua kwamba nyumba ile ni yai.

Mji ni kukiri kutojua, mbele ya watu, kwa gharama. Anayeutoa hupoteza hadhi kidogo, na kesho wenzake watamkumbusha. Mashine nayo inaweza kuandika "nakupa Mtwara", lakini ikishaandika hivyo hakuna ilichopungukiwa, wala hakuna kesho ya kuionea haya. Tofauti kati ya majaribio haya mawili ipo hapo: jaribio la Turing huishia kwenye jibu, ilhali kitendawili huendelea hata pale jibu linapokosekana, tena huko ndiko mshiriki anakojulikana ni mtu wa namna gani.

5.0 Pingamizi Mbili

Inaweza kudaiwa kwamba mji nao ni wa kubuni, kwa kuwa mtoto wa Newala hamiliki Mtwara. Ni kweli, lakini aibu yake na kicheko cha wenzake si vya kubuni. Mji ni jina tu la deni ambalo hadhira hulitunza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: hoja hii haithibitishi kwamba mashine haina fahamu. Haithibitishi, wala haikusudiwi kufanya hivyo. Inaonyesha kwamba ufasaha wa jibu si mahali pa kuitafuta fahamu, iwe kwa mashine au kwa mwanafunzi anayekariri safu mbili za kitabu. Mwanafunzi huyo hutofautiana na mashine kwa kuwa anaweza kuitwa mbele, akaulizwa, akashindwa na akakiri.

6.0 Hitimisho

Fonografu ya mwaka 1906 ilibeba sauti ya mtu asiyeweza tena kujibu. Akili mnemba hujibu bila kubainika ni nani atakayewajibika kwa jibu. Kati ya vyombo hivi viwili kuna kazi inayowasubiri watafiti wa fasihi simulizi, hasa sasa ambapo data za lugha za Kiafrika zinatafutwa kwa ajili ya mashine. Anayekusanya vitendawili vya Kimakonde au Kimakua anapaswa kurekodi utegaji mzima: nani alitega, nani aliitikia, majibu yapi yalikataliwa, mji upi ulitolewa na upi ulikataliwa. Vivyo hivyo, mwalimu anayetahini fasihi hana budi kurejesha mtihani wa ana kwa ana, ambamo kusema "sijui" kuna uzito na kuna mashahidi. Kauli na jibu zikibaki peke yake, vizazi vijavyo vitarithi vitendawili ambavyo havimdai mtu chochote.