Ngazi ya Chang na mchele wa Ruzizi

Ndugu wasomi, nimemaliza Kicking Away the Ladder, kitabu cha Ha-Joon Chang cha mwaka 2002. Anasema mataifa tajiri yalipanda kwa kulinda viwanda vyao, kisha yakasukuma ngazi na kutuhubiria soko huria. Hapo ananishinda: Uingereza ilifuta sheria za kulinda nafaka yake mwaka 1846, viwanda vyake vikiwa tayari mbele ya wengine.

Lakini mimi ni mtu wa agronomia. Kitabu kinaongea sana viwanda, mashamba kidogo. Tuchukue mchele. Hapa Bukavu ule wa Asia unauzwa pembeni ya ule wa bonde la Ruzizi. Tukipandisha kodi ya duane leo, bila barabara, mbegu nzuri na mashine za kukoboa, mama anayepikia watoto ndiye atalipa, na mkulima wa Luvungi hatavuna hata gunia moja zaidi.

Mumusome Chang, anastahili. Ila kulinda soko ni kununua muda tu. Sisi tuliosomea udongo, huo muda tutaufanyia nini?