Banda la Kenya Venice lilikosa mwenyeji

Mnaikumbuka orodha ya wasanii wa Biennale ya Venice ya 2015. Banda la Kenya, kisiwani San Servolo, lilibeba kaulimbiu ya kujenga utambulisho, halafu wasanii wengi wakawa Wachina. Mkenya wa kuzaliwa akawa Yvonne Apiyo Brändle-Amolo aishiye Uswisi, akiwa na Armando Tanzini, Mwitaliano wa Malindi. Kosa la namna hiyo lilishafanyika 2013. Kulirudia, chini ya msimamizi yuleyule Sandro Orlandi Stagl, kulikuwa dharau.

Waliolalamika walishika pasipoti. Hapo ndipo walipokosea. Bungoma, mwaka wa tohara, kuta hukandikwa na sakafu hupakwa samadi kabla wageni hawajafika, na mwenye boma ndiye huamua mgeni atalakiwa na nini mlangoni. Orodha ya San Servolo ilialika wageni kwenye boma lisilo na mwenyewe. Kazi ya wino kutoka Beijing inaweza kabisa kukaa katika banda la Kenya, mradi iwepo kazi ya hapa ya kuihoji, kuibishia, hata kuitania. Haikuwepo ya kutosha. Ungeng'oa jina la Kenya ukabandika la nchi nyingine, na orodha isingehitaji kuguswa.

Mchoraji Elimo Njau naye alikuwa mgeni, Mchaga wa Kilimanjaro. Alipopewa kuta za kanisa la Murang'a mwishoni mwa miaka ya 1950, kanisa la kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau, alimleta Yesu azaliwe katika vilima vya Wagikuyu, kati ya watu weusi. Hakuhitaji kaulimbiu. Nani leo angethubutu?

Na 2015 hiyohiyo, katika onyesho kuu la Biennale lililopangwa na Okwui Enwezor, Mkenya Wangechi Mutu alionyesha filamu ya mwanamke anayetembea na mzigo kichwani, mzigo unaokua mpaka unamlemea na ardhi inammeza. Kwao kote kulikuwa kichwani pake. Kenya ilikuwa Venice, ila nje ya banda la Kenya.

Sasa niwaudhi watu wa Nairobi, kama kawaida yangu. Kelele zenu zilikuwa za haki, lakini kila mkisema sanaa ya Kenya huwa mnamaanisha studio zenu. Nendeni Kitale: makumbusho yake, yaliyofunguliwa mwaka 1974, yalitokana na mkusanyiko wa mlowezi mpenda wadudu, Stoneham. Mgeni mwingine! Lakini ukipita kwenye nyumba za jadi pale uwanjani, hukosi kujua uko wapi.

Turudi Venice. Waziri wa Utamaduni wa wakati huo, Hassan Wario, alilikana banda la 2015 baada ya kelele kupanda. Mwaka 2017 Jimmy Ogonga alilipanga banda vizuri, akiwa na wasanii Kamwathi, Kimathi, Onditi, Wandera na Mwangi Hutter. Ila kwangu, kazi ya Kikenya hasa iliyozaliwa na San Servolo ni michoro ya Michael Soi ya kuikejeli aibu ile, na hiyo haikupewa hata msumari mmoja kisiwani.